Mbona farasi hawaonekani? Picha ya Siku ya Derby na maana ya neno "kisasa"

Wiki ya dabi ya Kariakoo, wakati kila kundi la WhatsApp limejaa utani wa Simba na Yanga, mpwa wangu alinitumia picha ya kuchorwa ambayo mtu alikuwa ameirusha na maneno "dabi ya kwanza kabisa hii hapa." Chini yake watu walikuwa wanabishana. Mmoja anasema ni mbio za farasi. Mwingine anauliza farasi wenyewe wako wapi. Wa tatu amesoma mahali kwamba ni picha ya "maisha ya kisasa" na anataka aelezwe ni usasa gani huo wa wanaume wenye kofia ndefu kama sufuria. Mpwa wangu akamalizia: "Mjomba, wewe mambo haya unayapenda, hebu tufafanulie."

Nilimjibu kwa sauti ya dakika tatu, haikutosha. Jibu refu ni hili.

Tuanze na neno lenyewe. Kabla ya kuwa mechi ya Simba na Yanga, au ya Gor Mahia na AFC Leopards kwa wenzetu wa Nairobi, dabi lilikuwa jina la mbio za farasi. Derby hukimbiwa Epsom, kusini mwa London, tangu mwaka 1780, na zimebeba jina la lodi mmoja, Earl wa Derby, aliyekuwa miongoni mwa walioziasisi. Wanaoshindana ni farasi wa umri wa miaka mitatu peke yao, kwa hiyo kila farasi ana nafasi moja tu maishani. Umbali ni kama mita 2,400. Farasi mzuri huumaliza kwa dakika mbili na nusu na ushee.

Hiyo dakika mbili na nusu ishike vizuri. Mtu wa London alidamka alfajiri, akapanda gari la farasi au treni, au akatembea kwa miguu, akala vumbi la njiani, akarudi kwake usiku, yote hayo kwa jambo linalokwisha kabla hujamaliza kumenya chungwa. Saa zilizobaki alikuwa akifanya nini? Picha ile inajibu swali hilo. Mbio zenyewe imeziweka nyuma.

Mchoraji ni William Powell Frith, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1819. Aliionyesha picha yake, Siku ya Derby, mwaka 1858, na leo iko kwenye jumba la sanaa la Tate Britain, London. Ni rangi za mafuta juu ya kitambaa. Kimo chake ni mita moja na upana unapita kidogo mita mbili na sentimita ishirini. Chukua kitanda cha futi tatu na nusu, kirefushe kidogo, kilaze kwa ubavu ukutani, utapata ukubwa wake. Ndani ya kitanda hicho amejaza watu wengi kiasi kwamba macho hayajui yaanzie wapi. Na farasi wa mbio wapo, nakuhakikishia. Watafute kwa mbali, nyuma ya vichwa vya watu, wadogo kama sisimizi juu ya nyasi, karibu na jukwaa kuu. Frith hakuwasahau. Aliwapa nafasi inayolingana na zile dakika mbili na nusu.

Pata potea

Anza kushoto. Kuna hema la klabu ya waheshimiwa wa siasa, na pembeni yake meza ndogo iliyozungukwa na wanaume. Mwenye meza anachezesha punje na subana, vile vikofia vya chuma ambavyo fundi cherehani huvaa kidoleni. Anaificha punje chini ya kimoja, anavizungusha haraka, nawe unataja iko wapi. Aliyewahi kupita stendi ya mabasi au gulioni siku ya mnada anaujua mchezo huu kwa karata: Nairobi wanauita pata potea, kwetu karata tatu. Hata wapambe wapo. Wamevaa vizuri, wanajifanya wateja, wanatoa noti mfukoni kama watu wenye uhakika wa kushinda, na kazi yao ni kumvuta mgeni.

Mgeni wa siku hiyo ni kijana wa shamba, amevaa vazi pana la wakulima. Mwanamke aliyefuatana naye amemshika anamvuta nyuma. Hatua chache kutoka hapo amesimama kijana mwingine, huyu wa mjini, mikono imezama mifukoni. Mtazame kifuani: mnyororo wa saa haupo. Ameshaliwa. Sidhani kuna Mswahili anayehitaji mkalimani kuisoma sura ile.

Sasa ruka mpaka kulia. Ndani ya gari la farasi ameketi mwanamke aliyevaa kitajiri, uso umemnyong'onyea, huku mpiga ramli akimsogelea. Nje, kijana mtanashati ameliegemea gari kama mtu aliyechoka na kila kitu. Watazamaji wa mwaka 1858 hawakuhitaji maelezo: huyo mwanamke ni kimada wake, kile tunachokiita siku hizi nyumba ndogo. Na kushoto kabisa, ukirudi kule ulikoanzia, kuna mwanamke aliyevaa mavazi ya kupanda farasi. Ni mfano wa wale waliokuwa wakionekana kila siku Hyde Park, wamependeza kuliko mabibi wa kweli, na wanaowalipia ni wanaume wenye fedha. Frith ameweka mmoja kila mwisho wa picha, kama vishikio viwili vya sinia.

Nitoke nje ya mada kidogo. Frith mwenyewe alikuwa na watoto 12 na mkewe, na wengine 7 na mwanamke wa pili, Mary Alford, aliyekuwa na makazi yake London hukohuko. Kwa hiyo ukimtazama yule mwanamke mnyonge garini, fahamu kwamba mchoraji hakuwa akichora habari za kusikia.

Waingereza wa wakati ule waliamini kwamba umbo la uso hueleza tabia na tabaka la mtu: kidevu fulani cha mwizi, paji fulani la bwana. Ni imani isiyo na msingi, na baadaye ilileta madhara makubwa sana duniani. Lakini ndiyo iliyofanya picha kama hii isomeke kama gazeti. Watu walisimama mbele yake wakitambua: huyu tapeli, huyu mjinga, huyu mtoto wa lodi.

Fedha iko wapi?

Swali hili liliulizwa pia kwenye lile kundi: kama ni mbio, mbona hatuoni watu wakibeti?

Ilikuwapo kamari kubwa, ila haikuwa ya kwenda dirishani na mkeka wako mkononi. Mwaka 1853, miaka mitano kabla ya picha kuonyeshwa, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufunga maduka ya kubeti, yale ambayo fundi viatu au mpishi angeweza kuingia akaacha shilingi yake. Tajiri hakuguswa. Yeye alibeti kwa mkopo, kwa neno la kiungwana, ndani ya klabu yake. Maskini alibaki na mtaani, kwa kificho, au kusubiri siku ya kwenda kiwanjani. Na Bunge hilohilo, kwa miaka mingi ya karne ile, lilikuwa na desturi ya kuahirisha vikao siku ya Derby ili waheshimiwa waende Epsom.

Ufaransa walikuja na njia nyingine. Katika miaka ya 1860 Joseph Oller, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha ukumbi wa Moulin Rouge, alianzisha Paris mtindo wa chungu kimoja: madau yote yanatiwa pamoja, mwendeshaji anakata chake, kinachobaki wanagawana waliotabiri sawa. Ni kama upatu ambao wengi wenu hamtauona mgao. Mwenye chungu hana wasiwasi nani atashinda, maana chake ameshakata. Sheria ya mwaka 1891 iliuhalalisha rasmi, na mpaka leo kubeti farasi kule Ufaransa hufuata mtindo huo.

Kisasa kipi hicho?

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Kwetu, kitu cha kisasa ni kipya: simu ya kisasa, nyumba ya kisasa, ufugaji wa kisasa. Katika historia ya sanaa neno linafanya kazi nyingine. Linataja namna ya kuishi iliyoanza pale miji ilipofura, reli zilipofika, na watu wakaanza kuishi katikati ya wasiowajua. Sensa ya mwaka 1851 ilionyesha kwamba kwa mara ya kwanza zaidi ya nusu ya watu wa Uingereza walikuwa wanakaa mijini. Maisha hayo ya mjini ndiyo yanayoitwa ya kisasa, na hayaachi kuitwa hivyo kwa sababu wahusika wamekufa zamani.

Kijijini ukikutana na mtu swali la kwanza ni "wewe mtoto wa nani?" Ukishajibiwa umemweka mahali pake: ukoo, shamba, madeni, hata ugomvi wa babu zenu. Panda basi la Mbagala saa kumi na mbili jioni uone kama swali hilo lina faida. Aliyekubana ubavuni humjui na hutamjua. Unachoweza ni kumsoma haraka: viatu, mkoba, mkono uko wapi, na je simu yangu iko salama. Kusoma wageni kwa macho, siku nzima, ni ustadi ambao babu wa kijijini hakuuhitaji sana. Siku ya Derby imechora ustadi huo na ajali zake. Kijana aliyeliwa amemsoma vibaya mtu.

Reli ilichangia sana. Mwaka 1838 kampuni moja ya reli ya London ilitangaza treni za siku ya Derby. Umati uliojitokeza ulikuwa mkubwa kuliko mabehewa, watu wakavamia kituo, polisi wakaitwa. Hebu fikiria mshangao wa wakubwa wa kampuni: hawakujua kwamba karani na mfua nguo nao wanataka kwenda kutazama farasi. Kabla ya hapo safari ya starehe ilikuwa ya mwenye farasi wake. Sasa ilikuwa ya mwenye nauli.

Kuna jambo la pili, na hili ni la wachoraji wenyewe. Kwa muda mrefu picha kubwa na ya heshima Ulaya ilikuwa ya kisa cha Biblia, mashujaa wa Ugiriki na Roma, wafalme, vita. Nguo za mtaani zilionekana hazifai. Nani atundike sebuleni suruali nyeusi na kofia ya sufuria? Frith naye alianza kwa kuchora visa vya vitabuni vyenye mavazi ya kale. Aliponusa mabadiliko akachora watu wa kawaida ufukweni Ramsgate, na picha hiyo ilipoonyeshwa mwaka 1854 Malkia Victoria akainunua. Baada ya hapo aliona njia. Derby ikafuata, kisha mwaka 1862 kituo cha treni cha Paddington. Ufuko, kiwanja cha mbio, stesheni: sehemu tatu ambazo watu wasiojuana hubanana.

Wengine husema picha kama hii inaonyesha usawa, tajiri na maskini pamoja. Nisingekwenda mbali hivyo. Mlima wa Epsom ulikuwa wazi kwa kila mtu, ni kweli, lakini tazama nani yuko juu ya gari na nani yuko chini, nani ana hema na nani anauza kitu. Uwanja wa Mkapa siku ya dabi unatufundisha hilohilo: wote tumevaa jezi, wote tunapiga kelele, na bado kuna VIP A, kuna VIP B, kuna mzunguko. Na kilicho juu ya kitambaa kimebanwa makusudi ili watu hawa wote wapate kuonekana kwa mkupuo.

Waingereza walipokuja kutawala Kenya walikuja na mpangilio huu ukiwa kamili, jukwaa na klabu na sehemu za watu wa aina fulani. Uwanja wa mbio wa Nairobi uko Ngong Road tangu mwaka 1954, lakini jina la ule wa zamani limebaki kwenye Racecourse Road, kule upande wa Kariokor. Ukumbuke kwamba Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimetokana na jina moja, la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo dabi na Kariakoo zilishawahi kuwa majirani kabla mpira haujazikutanisha. Lamu nao wana mbio zao za punda, na aliyewahi kubanana mbele ya bandari siku ile, akawasikia vijana wakitambiana mitaa, ataielewa picha ya Frith upesi kuliko mimi nilivyoielewa.

Uzio na polisi

Frith alikwenda Epsom mwaka 1856, akarudi na vichwa vya watu kichwani mwake. Kisha alifanya jambo ambalo huwashangaza wanaodhani kamera na mchoraji ni mahasimu: alimtumia mpiga picha, Robert Howlett, apande juu ya gari kiwanjani na kupiga picha za umati. Halafu akaketi chumbani na watu waliokaa mbele yake awachore, mmojammoja, zaidi ya mwaka mzima. Joki, yaani mpanda farasi wa mbio, alikalia farasi wa mbao. Mwanasarakasi alimtoa kwenye maonyesho ya jukwaani London. Kwa hiyo kile kinachoonekana kama tukio la ghafla ni kazi ya kushona vipande, kama fundi anayetengeneza kanga kuukuu iwe foronya.

Mfamasia tajiri, Jacob Bell, alikuwa ameiagiza kwa pauni 1,500. Mfanyabiashara Ernest Gambart akatoa pauni 1,500 nyingine apate haki ya kuchapisha nakala zake. Yaani haki ya kunakili ilikuwa na bei sawa na picha yenyewe, jambo ambalo msanii wetu wa Bongo Fleva anayepigania mirabaha yake ataliona si la zamani hata kidogo. Ilipotundikwa kwenye maonyesho ya Royal Academy watu waliizonga mno, ikabidi iwekwe polisi na uzio wa chuma. Uzio wa aina hiyo haukuwa umehitajika tangu mwaka 1822. Umati ukaja kuutazama umati. Bell alifariki mwaka 1859 akaiachia taifa picha hiyo, ndiyo maana leo unaweza kuingia kuiona bila kiingilio.

Yule aliyepita mbio

Miaka minane baada ya Frith, ng'ambo ya bahari, Mfaransa Édouard Manet alichora mbio pia, na mtu asiyejua angedhani picha hizi mbili hazina undugu. Kiwanja ni Longchamp, pembezoni mwa Paris, kilichofunguliwa mwaka 1857 wakati wa Napoleon III. Paris yenyewe ilikuwa inabomolewa na kujengwa upya kwa barabara pana, na Longchamp ilikuwa sehemu ya mji huo mpya: mahali pa kwenda kuonekana. Picha ni ya mwaka 1866, iko kwenye jumba la sanaa la Art Institute, Chicago, na haipiti televisheni ya inchi 40.

Wachoraji wa zamani waliwaonyesha farasi kwa ubavu, wamepangwa mstari, kila mguu unahesabika. Manet amewaelekeza kwako. Kundi zima linakuja moja kwa moja usoni, vumbi na kwato, na ukifikiria vizuri utagundua kwamba mahali anapokusimamisha ni katikati ya njia. Pembeni umati ni madoa ya rangi: doa jeupe ni mwamvuli, jeusi ni kofia. Hakuna kijana aliyeliwa, hakuna kimada, hakuna kisa cha kusimulia.

"Hajui kuchora huyu," ndivyo wengi husema, na ndivyo wengi walivyosema hata wakati wake. Simama ukingoni mwa Morogoro Road bodaboda ikupite kwa kasi. Je, umeona tindi za gurudumu? Ulimwona dereva ana ndevu? Umeona rangi, mshindo, kitu kimepita. Manet alichora kiasi ambacho jicho hupata, na kiasi hicho ni kidogo kuliko tunavyojidai. Wala haikumjia kirahisi. Alianza na picha kubwa zaidi, hakuridhika, akaikata vipande. Kimoja chenye wanawake wawili waliosimama kiwanjani kiko Cincinnati, Marekani.

Frith ni mtu anayekusimulia kila aliyekuwa msibani na aliyevaa nini. Manet ni yule anayeingia mbio mlangoni, "Wamepita! Umewaona?" Wote wawili wanazungumzia siku ya namna ileile. Binafsi ningekaa saa nzima na Frith, lakini nikifumba macho kinachorudi ni farasi wa Manet.

Miguu ya farasi ina kesi yake. Tazama Derby ya Epsom aliyoichora Mfaransa Théodore Géricault mwaka 1821, iliyoko jumba la Louvre, Paris: kila farasi amenyoosha miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, tumbo karibu liguse nyasi, kama paka anayeruka ukuta. Karne nzima waliwachora hivyo na watu waliona sawa. Juni 1878, huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera mstari kando ya njia, farasi akawa anazifyatua anapopita. Ikaonekana kwamba farasi anayekimbia kweli huwa na wakati ambapo kwato zote nne ziko hewani, ila wakati huo miguu imekunjwa chini ya tumbo. Ule mkao wa kunyooka haupo kabisa. Aliyegharamia kazi hiyo alikuwa tajiri wa reli Leland Stanford, na utasikia kwamba alikuwa ameweka dau la dola 25,000. Hadithi ni tamu, lakini haina ushahidi wa wakati huo. Mtu akikuletea, mpe soda, usimpe imani.

Edgar Degas, rafiki na mshindani wa Manet, alizisoma picha za Muybridge kwa bidii baadaye. Ila mchoro wake ninaoupenda ni wa kabla ya hapo, wa mwaka 1869, uko Boston, mdogo kama trei ya chai. Anauita wa mbio za mashambani, na mbio ziko kule mbali, vijitu vidogo kwenye upeo wa nyasi. Mbele kuna gari la farasi la rafiki zake, familia ya Valpinçon. Baba yuko juu kwenye kiti cha kuendeshea, mbwa karibu yake. Wote, na mbwa pia, wameinamia jambo moja: mtoto mchanga kwenye mapaja ya yaya wa kunyonyesha, chini ya mwamvuli. Mtoto amelala, ameshiba. Farasi wa watu wanashindana huko, hakuna anayegeuka.

Gari lenyewe limekatwa na ukingo wa picha: magurudumu hayakuingia yote, na farasi wa kulivuta wamekatwa miguu, kama picha ya shangazi aliyepiga kwa simu harusini. Wengi husema Degas aliiga kamera. Kodak, kamera ndogo ya mtu wa kawaida kushika mkononi, iliingia sokoni karibu miaka 20 baadaye, mwaka 1888. Zilizokuwapo Paris wakati ule, na alizozitazama sana, ni chapa za Kijapani zilizokuwa zikikata watu na vitu pembeni bila woga. Picha hiyo ilikuwamo kwenye maonyesho ya mwaka 1874 yaliyolizaa jina la Impreshonisti, wanaloitwa wachoraji wa kundi hilo.

Niliporudisha haya yote kwa mpwa wangu, sauti nne mfululizo, hakusema lolote kwa muda. Kisha akaniuliza kama nimemwona mtoto wa katikati. Kwa kweli nilikuwa nimempita. Katikati ya picha ya Frith kuna mwanasarakasi aliyepiga goti, amefungua mikono kumngoja mwanawe mdogo aruke. Mtoto haruki. Amegeuza shingo kumtazama mtumishi wa matajiri anayetandika chakula kwenye nyasi, na juu ya kitambaa kuna kambakoche mwekundu.

"Na nani alishinda, mjomba?"

Mwaka ambao Frith alikwenda Epsom, nikamwambia, alishinda farasi anayeitwa Ellington. Akauliza ni yupi kati ya wale wa nyuma. Nikavuta picha kwa vidole viwili mpaka ikawa vidoadoa tu vya rangi, nikamwambia sijui.